Waliimba Kabla Sijamaliza

Rodha mwanangu,

Mimi siamini kama Mungu yupo. Najua ulinisikia nikiyasema maneno haya haya mbele ya watu, siku ile ya mkutano wa ndugu wa uamsho, ukaona walivyoniimbia na bibi yako alivyolia kwa furaha. Watu wote hapa wanajua kwamba mimi Perisi nilikuwa siamini nikaokoka. Usilolijua wewe, wala halijui mtu mwingine yeyote, ni kwamba siku ile sikuwa naacha kitu. Nilikuwa naeleza hali yangu, kama mtu anavyosema ana homa. Na homa ile ninayo mpaka sasa ninapoandika.

Utanisamehe mwandiko. Nimemwambia bibi yako kichwa kinaniuma, naye amekuchukua kanisani kwa sala ya kukuaga uende shule ya bara. Hapa mezani nawasikia mnaimba. Mtakapomaliza kuimba nitakuwa na muda wa kukunja karatasi hizi na kuzishindilia chini kabisa ya mfuko wa sweta lako jipya, mahali ambapo hutatia mkono mpaka garimoshi lipande bara na baridi ianze. Kwa hiyo naandika mbio, na mbwa akibweka tu nasimama.

Mambo ya sanduku siyaandiki. Bibi yako amekwambia habari ya sabuni, ya nywele, ya kutokula kitu cha mtu usiyemjua, na kwamba baba yako atakuwa amesimama Voi akikusubiri. Mimi nina jambo moja tu, na jambo hilo linanitisha.

Wasichana wa shule walizoea kunicheka wakikusikia ukiniita mama. "Perisi ana mtoto! Perisi, mtoto wako anakuita!" Nami kwa haya zangu nilikuwa nakutazama tu uje. Lakini dada yangu Yunisi alipofariki ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kutembea, na mama mdogo ni mama, hilo halina mjadala. Nilikubeba mgongoni nami mwenyewe ni mtoto, miguu yako ikigonga magoti yangu. Sikujua kulea. Nilikulea kwa kuogopa. Nilikuwa naogopa usianguke kisimani, usiungue, usife kama yeye. Na nilipokuwa mkubwa kidogo nikaanza kuogopa kitu kingine, usije ukaona ndani yangu kilichomo.

Kilianza Jumamosi moja tulipokuwa na zamu ya kufagia kanisa. Wenzangu walitoka kwenda kuteka maji ya kupigia deki, nikabaki peke yangu na ufagio. Nilitazama mabenchi, nikatazama meza ya Bwana na kitambaa chake, na kwa ghafla nikaona ni nyumba tu. Nyumba nzuri, iliyojengwa vizuri, haina mtu. Kisha nikafanya jambo ambalo sijui lilitoka wapi. Nilisema neno baya, lile ambalo wachukuzi wa bandari ya Kilindini hutupiana, nikalisema polepole nikiikabili meza. Nikangoja. Hakuna kilichotokea. Hilo si ajabu, hata mtu anayeamini asingetazamia radi saa nne za asubuhi. Kilichonitisha ni kwamba moyo wangu haukushtuka. Nikaendelea kufagia.

Labda ungekuwa umezaliwa kwingine ungesema, basi, ni jambo gani? Lakini wewe unajua sisi ni nani. Mgiriama ukimwuliza yeye ni nani, atakutajia mbari yake na kaya yao. Waswahili wa Kisauni watakutajia babu wa babu na mji aliotoka. Sisi tukiulizwa tunasema, watu wa misheni. Bibi yake bibi yako alishushwa hapa kutoka jahazi la watumwa, msichana mdogo asiyejua hata kwao waliitaje nyumba. Kanisa likampa jina, likampa kiwanja, likampa mume, likamzika. Ukiitoa imani kwa Mgiriama anabaki Mgiriama. Ukiitoa kwetu, tunabaki nani? Ndiyo maana sikuthubutu kumwambia mtu. Niliona nitakuwa nimerudi baharini, kule jahazini.

Nikaanza kutafuta kama kuna mwingine. Nilitaka mmoja tu. Nilikuwa kama mtu mwenye ugonjwa wa aibu anayetazama ngozi za watu njiani.

Nilianza kwa Bi Mwanaisha, unayemnunulia mahamri. Wajua nisivyoweza kuongea na watu, lakini yeye hukusemesha hata ukiwa jiwe. Nilimwuliza kama kwao wapo watu wasio na dini kabisa.

"Asiye na dini?" akasema, huku anageuza hamri. "Wallahi sijapata kumwona. Nimeona walevi, nimeona wezi. Mume wangu wa kwanza alikuwa yote mawili, na Ramadhani akifunga."

Nikacheka. Naye akaniangalia.

"Hebu nikuulize nami, mwanangu. Nyinyi mkiomba mwafumbia macho nini? Mwaogopa kumwona, au mwataka asiwaone?"

"Ni ili tusitazame mambo mengine, bi."

"Haya. Mimi nikifumba macho, kuku waingia jikoni."

Nikamwuliza yule Mzee Kazungu atuleteaye nazi, kwa sababu yeye si Mkristo wala si Mwislamu, nikadhani labda huko ndiko wanakopatikana. Akaweka mzigo chini akanitazama kama niliyemwuliza njia ya kwenda mwezini. "Asiyekubali kuwa Mulungu yuko? Huyo ni mgonjwa. Mpelekeni kwa mganga." Akajitwika tena mzigo wake. "Na mganga naye atamwuliza Mulungu."

Basi. Kushoto dini, kulia dini, na huko vichakani vilevile. Hata walevi, hata wezi.

Kisha baba yako akarudi kutoka vita vya Bama, huko ng'ambo ya bahari. Wakumbuka jioni ile alipokaa kwenye kiti cha bibi yako, viatu vya jeshi miguuni, akatueleza habari ya yule sajini wa Kizungu? Wewe ulikuwa umejilaza mapajani mwangu lakini hukulala. Alisema padri wa jeshi akija wao husimama mistari, na sajini hukaa juu ya kisanduku cha risasi akala biskuti. Siku moja baba yako akamwuliza mbona hasali. Sajini akamjibu kwamba yeye hana Mungu, na kwamba kwao walio kama yeye wako wengi.

"Mzungu?" bibi yako akauliza.

"Mzungu, mama."

"Mzungu hana Mungu."

"Hana. Alisema mwenyewe, na kinywa kimejaa biskuti."

"Sasa Mzungu aliyetuletea Mungu sisi, kwao alimwacha na nani?"

Tulicheka sana. Baba yako alijipiga paja. Ndipo ukafumbua macho ukauliza, "Alikufa?"

"Nani, mwanangu?"

"Sajini."

"La. Alirudi kwao mzima, na saa mbili za mkononi."

Bibi yako akaacha kucheka. "Mungu ana subira," akasema, akaenda kutazama moto.

Mimi sikulala. "Kwao wako wengi." Mahali fulani duniani wako wengi, wanakula, wanaoana, wanazikana, na mvua inawanyeshea. Nilitaka kumwuliza baba yako swali moja tu kabla hajaondoka. Huyo bwana, akiogopa, humwita nani? Asubuhi nilimpelekea chai nikiwa nimelishika swali mdomoni kama maji. Akasema, "Ahsante, shemeji." Nikageuka nikaenda zangu. Mpaka leo sijajua.

Nikabaki na kanisa letu. Nilianza kufumbua macho wakati wa sala. Ukitaka kujua ni wangapi hawaamini, ukikaa kwetu hapa huwezi kuuliza, lakini waweza kutazama. Mwalimu wa kanisa akisema "Tuombe", kila kichwa huinama, na katika kimya hicho mimi nilikuwa nainua macho kidogo tu, nikipitisha benchi kwa benchi. Niliona shingo za wazee. Niliona kina mama na watoto wao wamewafunika macho kwa viganja. Niliona bibi yako midomo ikimwenda, na uso wake nisingeweza kuudharau hata ningetaka. Jumapili baada ya Jumapili, wote wamefumba. Nilipata hofu ambayo siwezi kuieleza vizuri. Ni kama kuamka katika nyumba iliyojaa watu waliolala, na huruhusiwi kuamsha yeyote.

Hapo ndipo walipokuja wale ndugu. Waliwasili kutoka bara na mambo mapya, hakuna kujificha tena, kila mtu asimame aseme lililo moyoni, atembee nuruni. Uliwaona watu. Fundi seremala alisema aliwapunja watu mbao. Mke wa mwalimu alisema anamchukia mama mkwe wake, na mama mkwe alikuwa pale pale, wakakumbatiana. Kila mtu akimaliza, wote wanaruka na wimbo ule wa furaha, wanamzunguka, wanamshika mikono. Niliwatazama nikawaonea wivu, mwanangu. Walikuwa wanashusha mizigo, nami wangu ulikuwa unanivunja shingo. Na walisema tena na tena, semeni kweli, kweli haiui. Nikawaamini. Hilo ndilo kosa langu lote. Sikumwamini Mungu wao lakini niliwaamini wao.

Nikasimama. Mimi, ambaye darasani nilikuwa nikijua jibu nakaa kimya ili wasigeuke kunitazama. Nikasema, "Mimi siamini kama Mungu yupo. Nimejaribu, na..."

Nilikuwa na maneno mengine. Nilikuwa nataka kusema, "na sijui nifanye nini, naomba mnisaidie, msinifukuze." Nilikuwa nimeyapanga. Lakini waliimba kabla sijamaliza. Kwao dhambi ikishatamkwa imeshaachwa, hivyo ndivyo mkutano ule unavyokwenda. Hakuna aliyewahi kusimama pale akasema jambo alilobaki nalo. Seremala hakusimama kusema kwamba kesho ataendelea kupunja. Basi waliposikia nimetamka kubwa kuliko yote, dhambi ambayo hakuna mtu wa misheni aliyepata kuisema kwa kinywa chake, walidhani wameona muujiza. Wakanibeba kwa sauti. Bibi yako alikuja akipita juu ya mabenchi, yeye na magoti yake mabovu, akanishika uso kwa mikono miwili akasema, "Mwanangu, mwanangu, kumbe ulikuwa mbali hivyo, nami sijui!"

Niambie wewe, ningesema nini? Ningesema, "Mama, bado niko huko"?

Nilifungua mdomo. Nakuapia nilifungua. Ulikuwa umesimama nyuma yake ukinitazama. Kisha nikaufunga, na watu wakaona machozi yangu, wakaimba tena.

Tangu siku ile nimekuwa mtu mkubwa. Wanawake wananisalimu kwanza. Wakisoma sala za wagonjwa wananiita, kwa kuwa mtu aliyetoka mbali, wanasema, anaijua njia. Sasa nimemaliza shule, na mwalimu wa kanisa ameniomba nifundishe darasa la ubatizo, watoto na wazee wanaotoka vijijini. Nimekubali. Sikuwa na sababu ya kukataa ambayo ningeweza kuitamka.

Lakini nataka nikueleze habari ya Mama Tabitha, yule mjane wa nyumba ya mwisho, kwa sababu hii ndiyo inayonifanya nikuandikie. Alipokuwa anakaribia kufa aliniita mimi. Siyo mwalimu, siyo bibi yako. Akawaambia watoke. Mkono wake ulikuwa mkavu na moto. Akasema, "Perisi, njoo karibu. Hawa wengine wamezaliwa wanaamini, hawawezi kunisaidia. Wewe ulikuwa huamini, ukavuka. Mimi nimefumba macho kanisani tangu nikiwa msichana, na sijaona kitu. Sikumwambia mume wangu. Sikumwambia mtu. Sasa naenda. Yupo?"

Rodha, nilikuwa nimemtafuta mtu huyo kwa miaka. Nilipitisha macho juu ya kitambaa chake cha kichwa Jumapili zote zile, nikamhesabu pamoja na waliolala. Kumbe alikuwa macho ndani ya kope zake. Ningeweza kumkumbatia nikamwambia, mimi pia, mama, mimi pia, hatuko peke yetu. Alikuwa ananitazama kama mtoto anayetazama kikombe cha dawa.

Nikasema, "Yupo."

"Umemwona?"

"Nimemwona."

Akapumua. Uso ukalegea. Alikufa siku chache baadaye, na binti zake wanasema alikufa anatabasamu, wananishukuru kila wanaponiona. Nami sijui mpaka leo kama nilimpa kitu au nilimnyang'anya. Labda alitaka mwenzake. Labda alitaka njia. Nilimpa njia nisiyoijua, nikamnyima mwenzake niliyekuwa naye.

Na nikaanza kuwaza, kama yeye alikuwa hivyo, ni wangapi? Pengine ni yeye tu na mimi. Pengine nusu ya benchi. Kuimba hakusemi. Ukisikia watu mia wanaimba, huwezi kujua ni nani anayemwimbia Mungu na ni nani anayewaimbia wenzake wasimsikie kimya chake. Hakuna njia ya kujua, kwa kuwa anayesema, anaimbiwa, na asiyesema anahesabiwa miongoni mwa waaminio.

Jumapili baada ya mazishi nilifumbua macho tena wakati wa sala, si kwa kutafuta, kwa mazoea tu. Nikakuta macho yako. Yalikuwa wazi kabisa, wala hukutazama kwa kuiba kama mimi. Ulikuwa unanitazama umetulia kama mtu aliyengoja zamu yake. Niliinamisha kichwa haraka nikafumba macho kwa nguvu mpaka nikaona nyota. Sikufurahi, mwanangu. Ningependa kukuambia nilifurahi. Niliogopa kuliko siku ya ufagio.

Na juzi, tulipotoka bombani.

"Mama."

"Sema."

"Siku ile uliposimama, uliacha kweli?"

"Shika ndoo vizuri, maji yanamwagika."

"Maji hayamwagiki, mama." Na kweli yalikuwa hayamwagiki. "Mwalimu anasema kule shuleni Jumapili ya kwanza kila mgeni husimama akasema anaamini nini. Mimi sisikii kitu. Nitasema sisikii kitu. Si wanataka kweli?"

Nikakuziba mdomo kwa kiganja. Nyuma yetu walikuwa wanakuja binti za Mama Tabitha. Nilikuziba kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, na ulipotoa mkono wangu midomo ilikuwa imekuwa myeupe. Hukulia. Ulinitazama tu, ukainua ndoo yako. Hatujazungumza juu yake tena. Nimekuwa nikipiga pasi nguo zako siku mbili hizi nikijaribu kuanza, na kila nikianza bibi yako anaingia.

Sasa sikiliza, kwa kuwa nasikia mmefika kwenye maombi na baada ya maombi hubaki wimbo mmoja.

Naogopa mambo mawili. Naogopa usimame useme kweli wasiimbe. Unamjua yule msichana wa kwa seremala aliyekwenda kule kabla yako. Hawakumfukuza, walisema tu hajatulia, arudi nyumbani atulie. Sasa anafua nguo za Wazungu Nyali, na kila anayemtaja huanza na neno hilo, yule aliyerudishwa. Yeye alikuwa mkaidi tu, hakusema hata nusu ya unalotaka kusema wewe. Una kichwa, Rodha. Una kichwa kuliko mimi na kuliko mama yako, Mungu amrehemu. Ona, nimeandika Mungu amrehemu na sikufuta. Hivyo ndivyo nilivyo. Radi ikipiga nasema nisamehe kabla sijakumbuka. Namwogopa nisiyemwamini, na hakuna mtu wa kumwuliza kama hilo linawezekana.

Jambo la pili naogopa zaidi. Naogopa usimame useme kweli, waimbe. Wakikuimbia utakuwa mimi. Utatembea ndani ya wimbo huo mpaka uzee, watu wanakuletea wagonjwa wao.

Nilikaa hapa kukuandikia kwamba udanganye. Ndiyo. Nilitaka kuandika, sema unaamini, maneno ni machache, unayajua kwa moyo, soma miaka yako, upate ualimu, kisha uwe unavyotaka. Nimeliandika hilo juu ya karatasi nyingine nikaitia jikoni motoni. Siyo kwa kuwa ni baya. Sijui kama ni baya. Ni kwa kuwa nilipolisoma nilijisikia natia kiganja mdomoni mwako mara ya pili, na mara hii hakuna mtu nyuma yetu.

Sijui nikuambie nini badala yake. Nakuambia ninayoyajua, nayo ni madogo.

Usiwadharau wanaoamini. Bibi yako huamka kabla ya jogoo akapiga magoti kwenye sakafu ya baridi, na hilo ndilo lililomsimamisha tulipomzika mama yako. Nililiona. Mimi nilisimamishwa na wewe, kwa kuwa ulikuwa unalia unataka uji. Kila mtu na kilichomsimamisha.

Usidhani uko mbele ya watu kwa kuwa macho yako yako wazi. Mimi nilidhani hivyo, na Mama Tabitha alikuwa benchi la pili.

Na ikiwa siku moja huko bara utasikia kitu, iwe kwa kuimba au kwa kunyamaza, usinionee haya. Usidhani umenisaliti. Niandikie. Nitafurahi, naapa, ingawa nitabaki peke yangu. Una miaka kumi na miwili. Hujalazimika kumaliza leo.

Ukisimamishwa, jaribu kunena lote kabla hawajaanza. Anza na mwisho. Sema, "Nasema ninavyoona sasa, wala siachi, naomba mnivumilie." Mimi nilianza na neno kubwa na nikadhani watangoja dogo. Au sema bado unatafuta. Au kaa kimya, kimya nacho si uongo. Nakuachia. Ni kinywa chako.

Wakikurudisha, usiteremke usiku ukapita vichochoroni kama mwizi. Nitakuja mimi mwenyewe stesheni, mbele ya watu, nitachukua sanduku lako kichwani na tutarudi pamoja njia kuu mpaka nyumbani. Wajua ninavyoogopa kutazamwa. Hilo nitaliweza. Kutembea nitaweza. Ni kusema ndiko nisikoweza, na hilo ndilo ninalokuomba uniachie.

Ukisema lako, mwanangu, langu usiliseme. Wakikuuliza umejifunza kwa nani, usinitaje. Najua ni ombi la mwoga. Wewe utaondoka, mimi nabaki na bibi yako katika nyumba moja, sahani moja, na Jumatatu darasa la ubatizo linaniita mwalimu. Siku ile aliponishika uso alisema hajapata furaha kama hiyo tangu mama yako azaliwe. Siwezi kumwendea na kumwomba airudishe.

Wimbo umeanza. Bibi yako atakuwa anakuandikia kila mwezi, kwa mkono wangu, na atakusihi uwe na moyo, na atakwambia Perisi anakuombea. Usimkanushe. Nitapiga magoti kweli, pale pale karibu yake asubuhi, na nitalitaja jina lako kwa sauti asikie. Ninalitaja kwa nani, hilo libaki kwetu wawili, usimwambie mtu.

Mama yako mdogo,
Perisi